Maswali yenu: Damu nzito, mshipa mwembamba na hesabu zake

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nasoma hesabu chuo, mwaka wa tatu, tumepewa projekti ya kutengeneza modeli ya damu nzito ikipita kwenye ateri iliyojibana. Mimi nimeshaanza na fomula ya Poiseuille (ile ya kukokotoa kimiminika kinachopita kwenye mrija) ila wenzangu wanasema hiyo ni ya maji, damu haiingii humo. Nani yuko sahihi? Na kati ya uzito wa damu na wembamba wa mshipa, kipi ndo kinaleta shida zaidi?

JIBU: Wenzako wana pointi ila wamekurupuka. Poiseuille alikuwa daktari wa Ufaransa, kilichomsumbua ni damu hiyohiyo, japo vipimo vyake kwenye vimirija vya kioo miaka ya 1840 alivifanya na maji. Fomula yake inakujibu swali la pili moja kwa moja: mnato (huo uzito wa damu) ukiongezeka mara mbili, damu inayopita inapungua nusu, basi. Lakini nusukipenyo kinaingia kwa kipeo cha nne, yaani kikipungua nusu na shinikizo likabaki lilelile, inapita sehemu moja tu ya 16. Kwa hiyo wembamba unashinda, tena kwa mbali.

Sasa usikimbilie kuandika kwamba mgonjwa kabaki na moja ya 16 ya damu yake, hapo ndo projekti nyingi zinaharibika. Palipobana ni kipande kifupi tu, na vimishipa vidogo vya mbele vinatanuka kufidia. Kwenye ateri za moyo mtu akiwa ametulia mtiririko unaweza usishuke mpaka kipenyo kimepungua kama asilimia 85, wakati akifanya kazi ngumu kasoro inaanza kuonekana kwenye 50 hivi.

Tuje kwenye damu yenyewe. Karibu asilimia 45 ya ujazo wake ni chembe nyekundu, ikienda taratibu zinashikana na kupangana kama sarafu, ikienda kasi zinaachana na kuvutika. Ndo maana mnato wake haukai sehemu moja. Kwenye ateri kubwa ni millipascal-sekunde (kipimo cha mnato) 3 hadi 4 (maji kwenye joto la mwili ni 0.7), ila mwendo ukipoa sana unapanda zaidi ya mara kumi. Watu wengi hapo wanatumia modeli ya Casson ya mwaka 1959, ambayo cha kuchekesha ilitungwa kwa ajili ya wino wa kuchapia. Inasema kipeuo cha pili cha mkazo (nguvu inayofanya matabaka ya damu yateleziane) ni sawa na kipeuo cha mkazo wa kuanzia, jumlisha kipeuo cha (mnato mara kasi ya matabaka kuteleziana). Mkazo usipofika ule wa kuanzia damu haiteleziani, ndo maana katikati ya mshipa, ambako mkazo ni sifuri, kuna kiini kinachosogea kizimakizima.

Ushauri wangu: endesha modeli zote mbili, ya Poiseuille na ya Casson, halafu linganisha nyuma ya palipobana. Kwenye koo la mshipa, yaani hapo palipobana, damu inakimbia, kipenyo kikiwa nusu kasi ya wastani inapanda mara nne, hapo Casson na mnato usiobadilika vinakaribiana sana. Ikishatoka inaachana na ukuta, inazunguka pembeni, inapoa, na humo ndo utaona tofauti. Halafu angalia vipimo vya mshipa ulivyosoma kwenye picha, maana ukikosea nusukipenyo kwa asilimia 10 kwenda juu, mtiririko unakuwa umekosea kwa asilimia 46, na hakuna Casson wa kukuokoa hapo.

SWALI: Mama anatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi. Kwenye hizo hesabu zenu ina maana mnato wake umeshuka?

JIBU: Hapana. Aspirini na warfarini zinazuia damu isigande kirahisi, mnato unabaki karibu palepale, kwahiyo kwenye mlinganyo hubadilishi kitu. Kinachobadilisha mnato hasa ni wingi wa chembe nyekundu, zikitoka asilimia 45 zikafika 60 unakaribia mara mbili. Na mama asiache dawa kwa sababu ya jibu hili, kazi yake ni nyingine na anaihitaji.