Shangazi na Vitabu: Muuaji Kakamatwa, Mapenzi Bado

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: riwaya za enzi zilizopita, zenye mapenzi na maiti, zinazotoka kitabu baada ya kitabu. Wapenzi wa mashairi, nivumilieni hadi toleo lijalo.

Swali: Shangazi, shikamoo. Rafiki yangu kaniazima riwaya ya Amelia Peabody, yule mama wa Kiingereza anayefukua makaburi ya Misri, mwavuli mkononi. Nimefika nusu ndipo nikagundua kumbe ni ya katikati ya mfululizo mrefu. Nataka kumjua muuaji, lakini kila baada ya kurasa chache wanakumbushana mambo ya mwaka juzi, nami nabaki kama mgeni aliyechelewa harusini. Nimalize au nirudi mwanzo? Na nikirudi, nifuate mwaka kitabu kilipotoka au mwaka wa hadithi?
*Niliyeingia Katikati*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Malizia. Maiti iliyoko mbele yako haina kosa, ina haki ya kupatiwa muuaji wake.

Riwaya hizi zina nyuzi mbili. Uzi wa kifo huanza na kukatika ndani ya kitabu kimoja, ndiyo maana umeweza kufika nusu bila kupotea. Uzi wa pili ni wa watu wenyewe: nani kampenda nani, nani kamnunia nani, mtoto kazaliwa lini. Huo haukatiki, na ndio unaokusumbua. Ukimaliza hicho, tafuta kile cha kwanza, cha 1975, ambacho hadithi yake inaanzia miaka ya 1880, umwone Amelia akigombana na Emerson, mumewe wa baadaye, siku waliyokutana. Usipolisikia gomvi lile, mahaba yao ya baadaye yatakupita.

Kuhusu mpangilio, mimi nafuata mwaka wa kutoka, na hapo sibishani na mtu. Mwandishi wake, Elizabeth Peters, alikuwa na tabia ya kurudi nyuma kujaza miaka aliyoiruka. Kitabu chake cha 2010 kinasimulia mambo ya mwaka 1910, ilhali vilivyokitangulia vilikwisha kuivuka Vita Kuu ya Kwanza. Ukivipanga kwa kalenda ya hadithi, utasoma kitabu kilichoandikiwa mtu anayejua tayari nani atamwoa nani. Mwandishi anakukonyeza, nawe huna habari. Ni vivyo hivyo kwa Cadfael, mtawa mpelelezi wa Ellis Peters. Mfululizo ulianza 1977, na kisa cha jinsi alivyoacha uaskari akaingia utawani kikaja miaka mingi baadaye. Wasomaji wa kwanza walikaa na fumbo hilo miaka yote hiyo, wewe unataka kulifumbua siku ya kwanza? (Na hao akina Peters si ndugu. Majina yote mawili ni ya kuandikia tu.)

Ukihamia kwenye riwaya za mapenzi matupu, sheria inabadilika. Huko mara nyingi kila kitabu kina wapenzi wake, na kinachounganisha mfululizo ni familia. Wale Bridgerton wa Julia Quinn wako wanane, majina yao yamefuata alfabeti kutoka Anthony hadi Hyacinth, na bado kitabu cha kwanza, cha 2000, ni cha Daphne, mtoto wa nne. Mwandishi mwenyewe hakufuata mpangilio wa kuzaliwa! Ingia unapotaka. Hasara yake ni kwamba utawakuta watu wamekaa sebuleni na wake zao kabla hujasoma walivyowapata.

Swali: Shangazi, mimi ni mwanamume mtu mzima na napenda riwaya hizi. Wenzangu wakiliona jalada, mwanamke gauni limemshuka bega na bwana amesahau shati, basi siku hiyo sina amani. Mmoja anasema historia ya humo ni mapambo tu ya kuuzia mapenzi. Nimjibu nini?
*Mficha Jalada*

Jibu: Kaka yangu, jalada livishe gazeti, yaishe. Kuna majalada ambayo naamini mchoraji hakupewa kitabu, kaambiwa tu "wapo wawili na kuna farasi".

Huyo mwenzako ana haki nusu. Zipo riwaya ambazo ukiwavua watu magauni na kuwavika nguo za leo, hakuna kitakachobadilika. Hizo ni mapambo. Lakini katika riwaya nzuri historia ndiyo inayowazuia wapenzi. Mchukue Falco, mpelelezi wa Roma ya mwaka 70 katika vitabu vya Lindsey Davis vilivyoanza kutoka 1989. Anampenda Helena Justina, binti wa seneta. Yeye ni mtu wa tabaka la chini, kapanga chumba kibovu juu kabisa ghorofani. Ili apande daraja afanane naye kidogo, anahitaji mali ya sesterce 400,000 (sarafu za Kiroma), na hicho ndicho kilikuwa kiwango halisi cha Waroma cha kuingia tabaka la pili. Basi kila kazi anayoipata unamhesabia: kalipwa ngapi, kadhulumiwa ngapi, zimebaki ngapi. Sijawahi kuona hesabu za fedha zikanigusa moyo namna ile.

Au chukua safari za Gretna Green, kijiji cha Uskoti mpakani na England. Mwaka 1754 England ilianza kutumia sheria iliyowapa wazazi uwezo wa kuizuia ndoa ya mtoto aliye chini ya miaka 21. Uskoti haikuhusika. Ndiyo sababu katika riwaya nyingi gari la farasi linatoka mbio usiku kuelekea kaskazini, baba mtu nyuma yao, na wapenzi wanaozwa kijiji cha kwanza wakishavuka mpaka. Lakini mwaka 1856 sheria nyingine ikataka angalau mmoja wao awe amekaa Uskoti siku 21 kwanza. Mwandishi akiwakimbiza watu wake huko mwaka 1860 na kuwafungisha ndoa asubuhi hiyo hiyo, huyo hakujisumbua kuuliza.

Upande wa upelelezi, angalia vidole. Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, ilifungua ofisi yake ya alama za vidole mwaka 1901. Mpelelezi wa London wa 1850 akianza kunyunyizia bilauri unga kutafuta alama, funga kitabu. Sumu ya aseniki tumboni mwa marehemu anaweza kuigundua, kwa sababu James Marsh alikuwa ameshatangaza njia ya kuipima mwaka 1836. Mwambie huyo mwenzako kwamba hayo yote umeyajua kwa kusoma vitabu vya bwana asiye na shati.

Swali: Shangazi, wapenzi wangu wameoana katika kitabu cha tatu na mimi utamu umeniisha. Niendelee?
*Harusi Imeniponza*

Jibu: Kama ulichokuwa ukikifuata ni "watapatana, hawatapatana", acha, hakuna atakayekudai. Ila Amelia na Emerson wanakubaliana kuoana ndani ya kitabu cha kwanza tu, na vinavyofuata wanagombana vizuri zaidi, maana sasa hakuna anayeweza kuondoka. Falco na Helena nao walilea, na binti yao wa kupanga, Flavia Albia, akapata mfululizo wake wa upelelezi mwaka 2013. Kipe cha nne kurasa hamsini.

Swali: Shangazi, naogopa kuanza mfululizo ambao haujakamilika. Je, mwandishi akichelewa? Je, akifariki?
*Mwoga wa Kungoja*

Jibu: Atachelewa. Diana Gabaldon alitoa kitabu cha nane cha mfululizo wake wa Outlander mwaka 2014 na cha tisa mwaka 2021. Elizabeth Peters alifariki 2013 akiacha kitabu kimoja nusu, mwandishi mwenzake Joan Hess akakimalizia, kikatoka 2017. Na bado nakuambia anza. Ukingoja mpaka mfululizo ukamilike, utausoma peke yako, wenzako wakiwa wameshamaliza kubishana nani alistahili kuolewa na nani.

Dawa ya kungoja ninayo. Kurasa tupu za mwisho wa kitabu andika majina ya watu na uhusiano wao, kwa penseli, maana wengine watakufa. Kitabu kipya kikitoka, usirudie mfululizo mzima. Soma majina hayo na sura mbili za mwisho za kitabu kilichopita. Zinatosha.

Swali: Shangazi, nimeanza Bridgerton juzi na siwezi kuvumilia. Huyo Lady Whistledown anayeandika umbea wa mji mzima ni nani hasa?
*Sina Subira*

Jibu: Kitabu cha nne, cha 2002. Na tamthilia yake ya televisheni usiiwashe, huko walimtaja mwishoni mwa msimu wa kwanza.