Kugonga panja, kuzinduka, kisha kufa usiku: fuvu na tando za ubongo

Mkuu, umeuliza inakuwaje abiria wa bodaboda aanguke, azimie dakika chache, azinduke, aongee vizuri, arudi nyumbani na nundu tu juu ya sikio, halafu alfajiri akutwe amekufa, na ripoti iseme fuvu lilikuwa na ufa mdogo. Waliotangulia kujibu wamesema presha, wengine mkono wa mtu. Jibu lipo kwenye mpangilio wa fuvu na tando zilizo chini yake.

Fuvu lina mifupa 22 ukiacha vile vifupa vidogo vya ndani ya masikio. 14 ni ya uso. 8 ndiyo inayozunguka ubongo: wa paji, miwili ya juu kushoto na kulia, miwili ya panja, wa kisogo, ethmoidi iliyo juu ya pua, na sfenoidi inayokatiza sakafu ya fuvu na kutokeza nje kidogo kwenye panja. Kwa mtu mzima imefungamana kwa mishono. Kila mfupa bapa una tabaka gumu la nje, tabaka la kati lenye uboho, na tabaka la ndani ambalo ni jembamba na huvunjika kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana nje unaweza kupapasa usihisi kitu wakati ndani tayari kuna ufa.

Unene haulingani. Juu na kisogoni ni milimita 6, 7 au zaidi. Panjani unaweza kushuka hadi milimita 2 hivi. Weka vidole viwili juu ya mfupa wa shavu unaoelekea sikioni, kisha rudi nyuma upana wa dole gumba kutoka ukingo wa nje wa jicho. Hapo ndipo mfupa wa paji, wa juu pembeni, wa panja na sfenoidi hukutana, na ndipo fuvu lilipo dhaifu. Ndani ya fuvu, nyuma ya sehemu hiyo, hupita tawi la ateri ya kati ya tando za ubongo, iliyoingia fuvuni kupitia tundu dogo la sakafuni na kulala kwenye mfereji uliochimbika katika mfupa wenyewe. Ufa ukipita hapo, ateri huchanika.

Sasa tando. Ziko tatu. Ya nje, dura, ni ngumu na ina tabaka mbili: moja imeng'ang'ania mfupa, hasa kwenye mishono, nyingine inatazama ubongo. Katikati ya hizo mbili, sehemu fulani, kuna mifereji mipana inayokusanya damu chafu ya ubongo kuirudisha shingoni. Chini ya dura kuna araknoidi, nyembamba, na chini yake yanapita maji ya ubongo. Ya tatu, inayoitwa pia (pia mater), imeshikamana na ubongo na kuufuata hadi ndani ya mikunjo.

Kwa kawaida kati ya mfupa na dura hakuna nafasi. Damu ya ateri iliyochanika hulazimika kuibandua dura kutoka kwenye mfupa, na kubandua huko huchukua muda. Saa hizo ndizo ambazo mgonjwa anaongea, anakula, anasema yuko sawa. Si wote wanaopata kipindi hicho. Wengine hawazinduki kabisa, na wengine hawakuzimia tangu mwanzo.

Ndani ya fuvu la mtu mzima kuna ujazo wa takriban mililita 1500: asilimia 80 ni ubongo, 10 damu, 10 maji ya ubongo. Fuvu halitanuki. Damu inapoongezeka, kwanza maji yanasukumwa kwenda kwenye uti wa mgongo na damu ya veni inakamuliwa nje. Akiba hiyo ni ndogo. Ikiisha, mililita chache tu zinapandisha shinikizo ghafla, kutoka chini ya milimita 15 za zebaki hadi juu ya 20 na kuendelea. Ubongo wa upande ulioumia unasukumwa kwenye mwanya wa dura ulio juu ya shina la ubongo na kubana neva inayoendesha jicho na mboni: mboni ya upande huo inapanuka na haijibu mwanga, mara nyingi mkono na mguu wa upande wa pili unalegea. Shina likibanwa, presha ya damu inapanda, mapigo yanapungua, pumzi inakuwa ya kukatika.

Kwa hiyo wanaosema "alikufa kwa presha" wameona kitu cha kweli wakakigeuza. Presha ile ni juhudi ya mwili kusukuma damu kwenye ubongo uliobanwa. Kumkimbizia dawa ya kuishusha ni kuunyima ubongo damu kidogo uliyokuwa unapata.

Damu ikikusanyika chini ya dura mambo ni tofauti. Hapo zinazochanika ni veni zinazovuka kutoka ubongoni kwenda kwenye mifereji ya dura. Damu inatambaa, na kwenye CT-scan (picha ya kompyuta ya ndani ya kichwa) inaonekana kama mwezi mwandamo; ile ya juu ya dura hutuna pande mbili na kwa kawaida husimama kwenye mshono. Wazee na wanywaji wa pombe wa miaka mingi wako hatarini zaidi, kwa kuwa ubongo umepungua na veni zimevutika. Mzee aliyejigonga mlangoni wiki tatu zilizopita na sasa anachanganyikiwa apigwe picha ya kichwa kabla hamjasema ni uzee.

Ufa wa sakafu ya fuvu una hatari yake. Dura ikichanika hapo, maji meupe kama maji ya kunywa yanatoka puani au sikioni, na vijidudu vimepata njia ya kuingia. Homa ya uti wa mgongo inaweza kufuata. Michubuko kuzunguka macho yote mawili au nyuma ya sikio ni dalili ya ufa huo. Usizibe pua wala sikio kwa pamba, asipenge kamasi, na asipitishiwe mpira wa puani.

Ngozi ya kichwa huvuja damu nyingi kwa sababu mishipa yake imeshikiliwa wazi na nyama ngumu inayoizunguka. Kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunua. Ukihisi mfupa umebonyea, usikandamize katikati. Bana kingo za jeraha. Kwa maumivu mpe paracetamol, si aspirini wala diclofenac. Pombe na dawa za usingizi hapana.

Aliyepoteza fahamu hata kwa muda mfupi, aliyegonga panja, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, apelekwe siku hiyo hiyo. Picha ya kawaida ya eksirei haionyeshi damu. Kinachohitajika ni CT-scan, na si kila hospitali ya wilaya inayo, hivyo pigeni simu kabla ya kusafiri. Damu ya juu ya dura ikizidi mililita 30, mwongozo wa upasuaji ni kuitoa hata kama mgonjwa bado anaongea. Akiruhusiwa kurudi nyumbani, mtu akae naye saa 24 na kumwamsha usiku: ajibu jina, mahali alipo, ainue mikono yote miwili. Kichwa kinachozidi kuuma, kutapika tena na tena, usingizi usioamshika, degedege au mboni zisizolingana, ondokeni muda ule ule.

Helmeti zinazoishia juu ya masikio zinaacha panja wazi. Nunua inayoshuka, ufunge mkanda.

Mkifika mapokezi, mwelezeni daktari saa aliyoanguka, alizimia kwa muda gani, na saa ngapi alianza kubadilika. Andikeni kwenye karatasi iende naye akihamishiwa hospitali nyingine.