Kundi la darasa limepoa: anza na simu

Ndugu, umeuliza utawakusanyaje mliosoma nao hapa Tabora mzungumze maisha na imani, maana kundi la WhatsApp limebaki salamu za asubuhi na michango ya misiba. Usitangaze kwanza. Wapigie watano, mmoja mmoja, uulize hali za wazazi na watoto; aliyenyamaza mara nyingi anaona aibu kwamba maisha hayajamnyookea. Kutaneni Jumamosi saa nne asubuhi, chini ya mwembe, chai na mihogo inatosha. Waislamu na Wakristo mpo pamoja, basi swali liwe moja: nini kilikushika ulipokaribia kuanguka? Dakika tano kila mtu, asikatizwe wala kuhubiriwa. Michango isitajwe kabisa. Ikitajwa, wasio nacho hawarudi. Mkianza, someni majina ya waliotangulia mbele ya haki, kila mmoja kwa jina aliloitwa bwenini.