Mbunge wa jimbo hafungi duka
Umeuliza kama mfanyabiashara mdogo Marekani akichaguliwa bunge la jimbo anafunga biashara. Texas hapana, atakula nini? Mshahara ni dola 600 kwa mwezi, na kikao cha kawaida hakizidi siku 140 kila miaka miwili. Posho ipo, ila ni ya siku za kikao. Ndiyo maana naona wanaoingia ni mawakili na wenye biashara. Mwalimu ataombaje ruhusa miezi mitano?

Mfano ni Tom DeLay, aliyekuwa na kampuni ya kuua wadudu karibu na Houston. Serikali kuu ilipopiga marufuku Mirex, dawa ya sisimizi wakali, alikasirika kwelikweli. Akaingia bunge la jimbo 1979, Kongresi (bunge la taifa) 1985, na 2003 akawa kiongozi wa wabunge wa chama cha Republican, waliokuwa wengi.