Kozi ni bure ila bando sio bure: kwa mnaotaka kusomea nyumbani

Wadogo zangu mliopo mtaani mnasubiri matokeo, na nyie wengine wenye kazi ila mnaona kazi yenyewe haina mbele, hii ni yenu. Naulizwa sana "kaka nianze na kozi gani ya mtandaoni" na kabla sijajibu huwa nauliza swali moja tu, unataka uweze kufanya nini ambacho sa hivi huwezi? Wengi wanakwama hapo hapo. Anakwambia nataka kusoma IT, au biashara ya mtandaoni, au chochote bana bora kiwe na cheti. Sasa ukiingia kwenye hizi tovuti na hilo jibu la chochote bora cheti, baada ya mwezi utakuwa umejiunga na kozi kibao na hamna hata moja uliyofika katikati, maana kujiunga ni kubonyeza tu, hakuumi.

Kitu ambacho watu hawakihesabu ni kwamba kozi inaweza kuwa ya bure lakini wewe huisomi bure. Kuna bando, kuna umeme, kuna yale masaa ambayo ungekuwa dukani au kijiweni unapata hata ya mboga. Kwahiyo ichague kama mtu anayelipia, sababu kweli unalipia, ni vile tu hela inaenda kwenye mtandao wa simu badala ya kwenda chuoni.

Tuanze na hilo bando. Video ya saa moja ukiiangalia kwa ubora wa picha wa 360p inakula kama MB 300 hivi, ukiiacha simu ijichagulie yenyewe ikapanda 720p inaweza kufika GB nzima na kuzidi. Kozi ina masaa ishirini ya video, piga hesabu mwenyewe uone kama mfuko unaruhusu. Mwalimu anayeongea tu mbele ya ubao hahitaji 720p, hata 240p unamsikia vizuri, shida inakuja pale anapofungua Excel (programu ya majedwali ya hesabu) au anapoandika kodi (code, yale maagizo ya kompyuta), maandishi yanakuwa ukungu, hapo panda 480 kwa hicho kipande afu rudi chini. App ya Coursera, ile tovuti ya kozi za vyuo vikubwa, inakuruhusu kushusha video ukaangalie baadae bila data, kwahiyo kama laini yako ina bando la usiku au kuna ofisi ina waifai na wanakuruhusu, shusha za wiki nzima kwa mkupuo. Na kozi nyingi zina maandishi ya kila anachosema mwalimu, yako chini ya video au pembeni, watu wanayapita tu kama hawayaoni. Mi nasoma maandishi kwanza, nikielewa video siigusi, nikikwama ndo nafungua. Hii inasaidia pia wale ambao kiingereza cha kusikiliza kinawapiga chenga, maana Mmarekani akianza kukimbia unamwacha aende, wewe unasoma mdogo mdogo na daftari pembeni.

Halafu kuna MIT OpenCourseWare, hii watu wengi huku hawaijui kabisa. Chuo cha MIT cha Marekani kinaweka notsi, mazoezi na mitihani ya masomo yake bure, hujisajili, huulizwi kadi, cheti hupewi. Notsi nyingi ni PDF ndogo tu. Kwa mtu wa bando la kuungaunga hiyo ni mali.

Nyumbani penyewe nako kuna mambo yake. Ukikaa kwenye kochi na simu mkononi mama anajua unachati, na utatumwa maji, utatumwa chumvi, utaitwa kumshika mtoto, na huwezi kumlaumu maana kwa macho yake haujafanya kitu. Kaa mezani, weka daftari na kalamu, vaa kama mtu, waambie mapema kwamba kuanzia saa fulani hadi saa fulani nasoma. Inaonekana kitu kidogo ila heshima ya kitabu kwenye nyumba zetu bado ipo, heshima ya simu haipo. Kama kelele zimezidi au mmebanana, kuna maktaba ya mkoa pale mjini, nenda na zile video ulizoshusha na earphone zako. Umeme nao ukiwepo chaji kila kitu, usisubiri ifike asilimia kumi ndo uanze kuulizia jirani kama kwake upo.

Sasa niwape mfano wa kusoma kunakoshika, maana nikisema tu "fanya kwa vitendo" mtanipigia makofi na hamtafanya. Excel mi niliielewa kwenye daftari la shangazi yangu anayenunua dagaa pale Mwaloni, Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza. Masomo ya Excel yapo bure mengi tu YouTube, na kama huna Excel tumia Google Sheets, ipo bure hata kwenye simu, ila mifano yao yote ni safi sana, kampuni ya Marekani inauza viti na meza, kila namba imekaa vizuri, ukibonyeza SUM, ile ya kujumlisha, jibu linatoka na wewe unajiona umeiva. Nikachukua daftari la shangazi nikaanza kuingiza mzigo mmoja kwa mstari mmoja, tarehe, kiasi, bei ya kununua, ushuru, wabebaji, nauli, bei ya kuuzia, na nani kachukua kwa mkopo. Nikaweka SUM chini, ikaleta sifuri. Kumbe daftarini imeandikwa 15,000/= na hivyo hivyo ndo ilivyoingizwa, na ukiweka ile mkwaju na sawasawa (/=) programu haioni namba tena, inaona maneno, na maneno haiyajumlishi. Hakuna video iliyokuwa imenifundisha hiyo maana huko kwao hawaandiki hela hivyo. Kuja kwenye kiasi, dagaa wengine wameandikwa kwa ndoo wengine kwa gunia, huwezi kuvijumlisha. Kuja kwenye madeni, kuna Mama Neema na kuna Mama Nema, mtu ni yule yule ila SUMIF, ile inayojumlisha kwa jina, inamhesabu watu wawili, deni lake linagawanyika na linaonekana dogo.

Hapo ndo nikajua somo la kusafisha data lina kazi gani, lile ambalo kwenye kozi watu wanaliruka. Na ilipokaa sawa tukachora chati ya bei kwa tarehe, ikawa inapanda na kushuka kama inafuata kitu, shangazi akaangalia mara moja tu akacheka, akasema hiyo si ndo mbalamwezi yenyewe. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti sawasawa, wavuvi wengi wanapumzika, mzigo unakuwa kidogo mwaloni na bei inapaa. Yeye anajua hilo miaka yote, ila kuliona kwenye karatasi na kujua ni shilingi ngapi kwa gunia ndo ikawa mpya kwake, akaanza kuweka mzigo akiba wakati wa giza. Mwajiri ukimwonyesha kitu kama hicho hakuulizi cheti, anakuuliza unaanza lini. Wewe huna shangazi wa dagaa lakini una vikoba vya mama, una kituo cha bodaboda wanachangishana kila siku, una kanisa au msikiti wenye daftari la michango, una jamaa wa duka la dawa. Omba daftari lao, ahidi utunzaji wa siri za watu, na timiza.

Vyeti sasa, najua mlikuwa mnavisubiri. Kwa kifupi, cheti cha kozi ya mtandaoni hakikai sehemu ya astashahada wala stashahada. Kazi ya serikali kwenye Ajira Portal ikisema diploma wanataka diploma ya chuo kinachotambulika na NACTVET au TCU, wale wasimamizi wa vyuo, na hizi kozi fupi ni nyongeza tu kwenye CV. Kama unachotaka ni digrii ukiwa nyumbani, hiyo njia ipo na ni nyingine, Chuo Kikuu Huria kipo toka miaka ya 90 na kituo cha mkoa kipo hapa Mwanza, kaulize ada na sifa za kujiunga.

Kwa kampuni binafsi na kwa kazi za mtandaoni hizo kozi zinasaidia, ila sio vyeti vyote vinalipiwa. freeCodeCamp, tovuti ya kujifunza kutengeneza programu, wanakupa cheti bure ukimaliza miradi yao, na unaandika kodi kwenye brauza hiyo hiyo. HubSpot Academy masomo ya masoko na cheti ni bure. Coursera na edX, zote zilianza 2012, ndo zenye majina ya vyuo vikubwa na ndo zenye mitego midogo midogo. Kozi moja inaweza kuwa wazi kuangalia ila mazoezi ya kusahihishwa na cheti vimefungwa mpaka ulipe, nyingine utaonjeshwa moduli ya kwanza tu, kwahiyo soma ukurasa mzima kabla hujaanza kumwaga bando lako. Ukiona "jaribu siku 7 bure" na wanataka kadi, jua siku hizo zikiisha wanakata, na wanakata kwa dola. Wengi tunatumia ile kadi ya mtandaoni inayotoka kwenye pesa za simu, basi usiache salio humo, na weka alamu siku moja kabla ukafute. Coursera kuna sehemu ya kuomba msaada wa kifedha, sio kozi zote zinayo, unajaza kwa nini unaihitaji na itakusaidiaje, jibu linaweza kuchukua wiki mbili na zaidi. Andika ukweli wako kwa maneno yako, kiingereza cha kawaida kinatosha, hawatafuti mtunzi wa vitabu pale. Na omba mapema bana, sio siku unataka kuanza.

Wale wa magrupu ya WhatsApp wanaouza "kozi 500 kwa elfu kumi tu ofa inaisha leo", achana nao. Mara nyingi ni video za YouTube zimewekwa kwenye folda, au kozi za watu zimeibwa, na nyingine ni za zamani hata programu yenyewe ilishabadilika sura.

Mnaouliza mnasubiri matokeo mfanye nini, mna muda ambao hamtaupata tena. Fomu siksi mnamaliza Mei na chuo ni Oktoba au Novemba huko, fomu foo ndo kabisa, Novemba mpaka Julai upo tu Igoma unahesabu daladala. Kama hesabu zilikuangusha nenda tovuti ya Khan Academy, yote ni bure, anza chini kuliko unavyodhani ni hadhi yako, sehemu na asilimia, watu wengi wanafeli aljebra sababu sehemu haziwaingii. Ukienda kusomea uhasibu, uuguzi au uhandisi hiyo itakubeba.

Na mwenye hamu ya kompyuta kabisa, kuna CS50, kozi ya kuanzia kompyuta ya chuo cha Harvard cha Marekani, mwalimu ni David Malan, kozi nzima ipo wazi. Inaanza na Scratch unapanga vipande kama mchezo wa watoto, afu ghafla wanakuingiza kwenye lugha ya C na hapo ndo wengi wanakimbia. Usikimbie, zile wiki za C ni ngumu kwa kila mtu, ukifika lugha ya Python unapumua. Ukikusanya mazoezi yote na mradi wa mwisho na ukapata alama zinazotakiwa, CS50 wenyewe wanakupa cheti bure, cha edX ndo cha kulipia. Ila usiianze na simu peke yake. Azima laptop hata ya mtumba, hata ya kupokezana na mwenzako siku kwa siku, kodi unaiandikia kwenye brauza kwahiyo mashine haihitaji nguvu sana, inahitaji kibodi na betri inayokaa walau saa moja umeme ukikata.