Andikeni habari ya safari kabla basi halijaja

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kakamega aliniandikia: "Habari yako, mama. Shuleni kwetu alikuwapo Mjapani wa kujitolea, alitufundisha hesabu. Amerudi kwao na bado tunaandikiana. Tunataka kuanzisha chama cha urafiki wa Kenya na Japani. Tuanzie wapi?"

Nilifurahi. Halafu nikakumbuka basi, furaha ikaingia doa. Basi hilo nitalifikia.

Mwanangu, mimi sijui lolote kuhusu Japani zaidi ya kwamba vijana wao wa kujitolea wamekuwa wakija nchini mwetu tangu 1966. Ninachokijua ni Uganda. Januari 2008 nilikuwa na kiduka cha masufuria mjini Busia, upande wa Kenya. Baada ya uchaguzi ule wa Desemba 2007 na ghasia zake, jina langu la ukoo likatosha kunifanya mgeni kwenye mtaa niliokaa miaka tisa. Nilivuka mpaka juu ya baiskeli ya bodaboda, mtoto mmoja mbele, mwingine mgongoni. (Ndiyo, bodaboda zilizaliwa palepale Busia. Waendesha baiskeli walikuwa wakivusha watu na mizigo kati ya vizuizi viwili, wakiita "boda, boda". Leo zimefika hadi vijiji ambavyo havijawahi kuona mpaka.)

Wenzangu wengi walipelekwa kambini Mulanda, huko Tororo. Mimi sikufika kambini. Mama mmoja muuza samaki, ambaye tulijuana kwa kugombania bei tu, aliniona nimekaa juu ya mfuko wangu akaniuliza, "Wewe, mbona unakaa chini kama mzigo usio na mwenyewe?" Nilikaa kwake miezi miwili. Hakuniuliza kabila wala nitaondoka lini. Niliporudi mwezi wa Machi, serikali ya nusu mkate, yaani ya kugawana madaraka, imeshakubaliwa Nairobi, duka langu lilikuwa limebaki milango.

Chama chetu cha urafiki wa Kenya na Uganda kilitokana na mambo hayo. Mwaka 2011 tulikuwa watu 24, kumi na wawili kila upande. Kwetu sheria ya vyama inazungumzia watu kumi na kuendelea, kwa hiyo tulipeleka karatasi kwa Msajili wa Vyama. Wenzetu walijiandikisha kama kikundi cha kijamii wilayani kwao. Mkutano ulikuwa mara moja kwa mwezi, zamu kwa zamu, na wenyeji wa zamu ndio walionunua chai. Tulikuwa na kanuni moja isiyoandikwa: Migingo haitajwi kabla watu hawajala. Kisiwa chenyewe, kinachogombaniwa na Kenya na Uganda ziwani Viktoria, ni jiwe tu, lakini nimeona wanaume wazima wakikaribia kushikana mashati kwa ajili yake, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuvua samaki.

Kazi yetu iliyonipa fahari, na sitaona haya kusema niliianzisha mimi, ilikuwa ya akina mama wa mahindi na ndizi. Wengi walipita njia za panya usiku, wakanyang'anywa na kudhalilishwa, kumbe mali yao ilistahili kupita mchana. Kuna utaratibu wa biashara ndogo ndogo: bidhaa zilizotoka ndani ya Afrika Mashariki, zikiwa kwenye orodha na thamani yake haizidi dola 2,000, hupewa cheti rahisi cha asili na hazitozwi ushuru wa forodha. Tulisimama sokoni Jumatano baada ya Jumatano tukieleza jambo hilo kwa Kiswahili, Kisamia na Kiteso. Nilipoteza sauti mara mbili.

Sasa basi. Mwaka 2016 shirika fulani lilitualika Arusha, kwenye makao makuu ya Jumuiya, watu kumi, nauli ya basi na malazi yamelipwa. Mimi nilikuwa katibu. Barua zote za miaka mitano ziliandikwa kwa mkono wangu huu. Habari ya safari nilipewa na nani? Na yule mama muuza samaki, kwa simu, usiku: "Mbona jina lako halimo?" Mwenyekiti wetu alikuwa ameandika mkewe, shemeji yake, na watu ambao hawajawahi kunywa chai yetu hata kikombe kimoja. Waganda walipewa nafasi mbili. Mbili kati ya kumi, kwenye chama cha urafiki! Nilisimama mkutanoni nikasema hivyo. Nikatolewa ukatibu kwa kura kabla chai haijapoa.

Waliporudi Arusha na picha zao, mkutano uliofuata walikuja watu saba. Mwaka uliofuata hakuna aliyepeleka taarifa kwa Msajili. Jalada liko wapi, sijui. Wanasema nisamehe. Nimejaribu.

Ila nikwambie ukweli unaoniuma zaidi: katiba niliiandika mimi. Ilikuwa na kurasa tatu kuhusu nembo, rangi za bendera na nani akae wapi wageni wakija. Kuhusu safari hapakuwa na mstari hata mmoja, kwa sababu hatukuwa na safari. Nani angefikiria?

Kwa hiyo andikeni. Kabla ya nembo, andikeni nani anasafiri mwaliko ukija, na anachaguliwaje. Pigeni kura ya vikaratasi ndani ya kopo. Aliyekwisha kwenda angoje wote waende. Nafasi zigawanywe sawa kwa pande zote mbili, hata kama mwaliko umekuja kwenu. Andikeni na nani anashika pesa, halafu andikeni nani anamkagua. Narudia, andikeni, maana ninyi vijana mnapendana sana kabla ya pesa.

Na huyo rafiki yenu Mjapani, mmemuuliza anataka nini? Au mmeshahesabu viza? Nauliza kama mama. Hapa Kisumu ninapoishi sasa, mtu akiugua sana anapelekwa "Russia". Ndiyo hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa 1969, siku iliyoishia kwa risasi na maiti za wananchi. Jina limedumu zaidi ya miaka hamsini. Nimewauliza wauguzi wawili wanitajie Mrusi mmoja wanayemfahamu, wakacheka.

Mimi namfahamu Mganda mmoja. Mpaka ulipofungwa Machi 2020 tulisalimiana kwa simu kila Jumapili, na Jumamosi hii mjukuu wake anabatizwa. Navuka na kitambulisho changu na sufuria mpya, ile kubwa.

Katiba yenu nitumieni hata ikiwa kwenye daftari. Nitaanza na ukurasa wa safari.