Deni la makopo mawili ya mafuta

Swali la gazeti lenu wiki hii ni hili: "Je, mashirika ya kimataifa yanabadili siasa za dunia, au siasa za dunia ndizo zinazoyabadili mashirika?" Jibu langu la kwanza lilikuwa la mistari mitano na lilisema hapana, hayabadili kitu, ni mihuri tu ya wakubwa. Nililiandika upesi kama mtu anayeitikia salamu. Kulituma nikashindwa. Mimi ni mtu wa Ngara, mpakani na Rwanda, na mtu wa Ngara akiulizwa habari za UN hawezi kumaliza kwa mistari mitano.

Nianze na hiyo hapana, maana sijaifuta yote. Wazee wetu wanakumbuka 1981, Mtanzania mwenzetu Salim Ahmed Salim alipowania ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa. Marekani ilimwekea kura ya turufu raundi baada ya raundi, China nayo ikimzuia Kurt Waldheim aliyekuwa akikikalia kiti hicho, mpaka wote wawili wakakaa pembeni na kiti kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Nchi moja ikiinua mkono, yamekwisha. Januari 2025 Rais wa Marekani akatia saini amri ya nchi yake kujitoa WHO, Shirika la Afya Duniani, na watu wakashtuka kana kwamba hawakujua siku zote funguo za nyumba anazo nani.

Halafu kuna tarehe 21 Aprili 1994. Mauaji ya Watutsi nchini Rwanda yalikuwa na wiki mbili tu tangu yaanze. Baraza la Usalama la UN likapitisha azimio namba 912, kupunguza askari wa kulinda amani kutoka kama 2,500 hadi 270. Kwenye meza hiyo hiyo Rwanda ilikuwa na kiti, na aliyekikalia alikuwa mwakilishi wa serikali iliyokuwa ikiua.

Wiki moja baadaye daraja la Rusumo likafurika. Watu kama 250,000 walivuka kuingia kwetu kwa muda wa siku moja hivi, wengi wao Wahutu waliokuwa wakilikimbia jeshi la RPF, waasi waliokuwa wakipigana na serikali hiyo, na katikati yao wakiwemo waliotoka kuua. Chini ya daraja mto Kagera ulikuwa unashusha maiti. Benaco, mahali ambapo jana yake hapakuwa na kitu cha kumfanya mtu asimame, pakawa mji. Watu walisema ni mji wa pili kwa ukubwa Tanzania baada ya Dar es Salaam.

Kijijini kwetu, kando ya barabara inayotoka Benaco kwenda Nyakahura, hatukujua kwamba hiyo ni siasa ya dunia. Kwetu UN ilikuwa shitingi, magaloni, unga wa njano, na makopo ya mafuta ya kula. Kaka yangu alipata kibarua cha kushusha magunia, akanunua baiskeli. Kuni ziliisha milimani. Bei ya ndizi ilipanda, na aliyefurahi na aliyelia walikuwa wa nyumba moja, maana sisi tuliuza ndizi na tulinunua kila kitu kingine.

Mama alikuwa na mteja wake. Alikuwa mama mmoja wa kambini, mwembamba, ana mtoto mgongoni kila siku, anatembea kama saa tatu mpaka kwetu na kopo la mafuta kichwani. Alikuwa akiuza sehemu ya mgao ili apate chumvi, sabuni, na ndizi za kuiva kwa ajili ya mtoto. Mama alizungumza naye Kihangaza, lugha yetu, yeye akajibu Kinyarwanda, na walisikilizana vizuri kuliko mimi na mwalimu wangu wa Kiingereza. Biashara yao ilidumu zaidi ya mwaka. Sikumbuki wakigombana hata siku moja, isipokuwa mara moja kuhusu kopo lililobonyea.

Jumamosi tarehe 7 Desemba 1996 aliacha makopo mawili kwa mkopo, shilingi elfu tatu, atazifuata Jumamosi inayofuata. Siku mbili kabla ya hapo lilikuwa limetoka tamko la pamoja la Serikali yetu na UNHCR, shirika la UN la wakimbizi, kwamba wakimbizi wote wa Rwanda wawe wamerudi kwao ifikapo 31 Desemba. Bila shaka alikuwa amelisikia. Hakumwambia mama, au alimwambia na mama hakutaka kutuambia sisi.

Alhamisi tukaamka barabara imejaa wakimbizi. Walikuwa hawaelekei Rusumo. Walikuwa wanaelekea huku kwetu, wakiiacha Rwanda nyuma yao. Ukiwauliza mnakwenda wapi, huyu anasema Kenya, huyu Malawi, mwingine hajui, mradi isiwe nyumbani. Nilikuwa na miaka 13, shule zimefungwa, na nilikaa juu ya kichuguu nikihesabu magodoro mpaka nikachoka. Mchana mama akamwona. Alikuwa na mtoto mgongoni, shitingi imekunjwa kichwani, na sufuria mkononi. Mama alikimbia ndani kuchukua pesa, akakumbuka kuwa pesa zote baba kaondoka nazo mnadani. Akarudi mikono mitupu. Yule mama akamwambia asihangaike, amwekee, atapita.

Usiku huo mama alikopa elfu tatu kwa jirani, akazifunga kwenye pindo la kanga. Baba aliporudi na kusikia kwamba mkewe amekopa ili alipe deni la mtu anayekwenda Malawi, alicheka. Mama hakucheka. Alisema amesema atapita, na atapita.

Na kweli walipita. Jeshi letu lilikwenda mbele yao likawageuza, na watu wale wale tuliowaona wakienda tukaanza kuwaona wakirudi, safari hii kwa fimbo. Mama alitoka alfajiri akasimama kando ya lami. Alisimama siku tatu. Mchana nilimpelekea uji, na Jumamosi ile, siku aliyoahidiwa, nilisimama naye mimi mwenyewe tangu asubuhi mpaka giza. Sijui kama nimewahi kumweleza mtu yeyote jambo hili kwa urefu, kwa hiyo mhariri univumilie. Mtu mmoja mmoja wala familia hazikuonekana, palikuwa na vichwa na mizigo tu. Mama aliita "Mama Mafuta! Mama Mafuta!", na kila alipoita wanawake watano, sita, waligeuka, kwa sababu kambi nzima ilikuwa ikiuza mafuta. Mmoja akanyoosha mkono: nipe mimi, nitamfikishia. Mama akashika pindo la kanga akarudi nyuma hatua moja. Mpaka leo nyumbani kwetu jambo hilo halijaisha. Baba, Mungu amrehemu, alishikilia kwamba angempa yule, maana deni ni deni na shida ni shida. Mama alishikilia kwamba deni lina mwenyewe.

Askari walipita, na nyuma yao, polepole, lilipita gari jeupe lenye antena ndefu. La shirika gani sikusoma. Ndani alikaa kijana wa Kizungu, redio begani, anatazama magoti yake. Mbele zaidi walikuwa wakigawa maji na biskuti. Nilimchukia kijana yule kwa miaka mingi, na nadhani mistari yangu mitano ilitoka kwake. Nilitaka ateremke. Sijui akiteremka angefanya nini, mbele ya bunduki zetu wenyewe, katika nchi yetu wenyewe. Nikiwa mtu mzima ndipo nilipoanza kukubali neno hilo "zetu". Tamko lilikuwa na wenyewe wawili, na mmoja wao ni sisi, tuliochoka na kuni kuisha na mashamba kukanyagwa. Kijijini kwetu watu walipiga makofi. Nami nilipiga, siku ya kwanza.

Ijumaa ya tarehe 13, mama akiwa barabarani, Baraza la Usalama huko New York lilimpendekeza Kofi Annan awe katibu mkuu, baada ya Marekani kumzuia Boutros Boutros-Ghali, aliyekuwa na kiti hicho, mwezi uliotangulia kwa kura yake moja dhidi ya 14. Annan ndiye aliyekuwa mkuu wa idara ya kulinda amani mwaka 1994. Hilo nalo tafsirini mnavyotaka.

Ningeishia hapa ningekuwa nimejibu hapana, tena kwa hasira. Lakini kuna mtu anayeniharibia hesabu, na mtu huyo anaitwa Jean-Baptiste Gatete. Alikuwa meya wa Murambi huko Rwanda, mmoja wa waliotuhumiwa kuongoza mauaji. Alifika Benaco na wakimbizi. Juni 1994 UNHCR ilipotaka aondolewe kambini, maelfu ya watu waliizingira ofisi yao na mapanga na fimbo, na hakuondoka siku hiyo. Unga uliogawiwa Benaco ulilisha kambi aliyokuwa akiitawala, na ndiyo sababu tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka lilijiondoa makambini mwishoni mwa mwaka huo. Mimi tangu zamani nimeona wao ndio waliokuwa na haya. Sasa sina hakika. Walioondoka walibaki safi, na yule mama wa mafuta alibaki na mtoto.

Gatete alikamatwa Kongo-Brazzaville 2002, akaletwa Arusha. Mahakama ya Kimbari, iliyoanzishwa na Baraza lile lile la Usalama kwa azimio namba 955 la Novemba 1994, ilimhukumu kifungo cha maisha 2011, na mwaka uliofuata rufani ikakipunguza kuwa miaka 40. Umoja ule ule uliomlisha ndio uliomfunga. Kabla yake, Septemba 1998, mahakama hiyo hiyo ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, na kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa mauaji ya kimbari. Kesi ilipoanza mashtaka hayo hayakuwamo kwenye hati. Waliyafanya yaingie wanawake waliosimama kizimbani wakasema yaliyowapata. Hilo lilibadilisha sheria ya dunia, na sheria ya dunia ni siasa ya dunia iliyovaa joho. Lilitendeka kwenye jengo la mikutano la AICC, hapo Arusha, kwa miguu kutoka sokoni, na wengi wetu tuliokuwa Arusha miaka ile tulichojali ni kodi za nyumba zilizopandishwa na wenye dola.

Kwa hiyo kama mnahesabu kura, niandikeni kwenye safu ya ndiyo, ila kwa penseli. Ndiyo, yanabadili, lakini yanachelewa, na yanabadili pale tu wakubwa wasipokuwa na haja ya kuzuia. Mahakama ile ilifungwa mwisho wa 2015 ikiwa imeshtaki watu 93, na hakuna hata mmoja aliyetoka upande ulioshinda vita. Wala msidhani narudisha maneno yangu kuhusu azimio 912. Labda swali langu halikuwa lenu tangu mwanzo. Ninyi mmeuliza kuhusu siasa za dunia. Mimi najibu kuhusu barabara ya Nyakahura.

Jana nilimpigia mama simu nikamwambia naandika habari hizi gazetini. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kama UN bado wanayo yale madaftari ya mgao, maana kila mwenye kadi aliandikwa. Nikamwambia lazima yapo mahali, watu wale hawatupi karatasi. Akasema basi mwanangu waulize, wamtafute, elfu tatu ya wakati ule leo naweza kuilipa na riba.

Nikamuuliza, "Jina lake nani, mama?"

Simu ikakaa kimya nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Sisi tulimwita Mama Mafuta."